Daktari Ruba kwenye Dirisha Letu

London, Oktoba 23

Leo tumemzika mama. Mvua ilitufuata tangu kanisani hadi kaburini, na udongo ulikuwa mzito, unang'ang'ania viatu. Kaka yangu Gideon hakulia. Alisimama amekunja ngumi, na tuliporudi hakuvua hata koti, akapanda moja kwa moja hadi chumba cha kazi juu ya duka letu la picha. Nimeanza kuandika humu kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno. Mama ndiye aliyekuwa akinisikiliza.

Oktoba 25

Niandike ilivyokuwa, kabla sijaanza kuipamba.

Homa ilimshika mwishoni mwa Septemba. Mimi nilitaka tumwite yule mama wa mitishamba wa mtaa wa nyuma. Gideon akasema mama yetu si wa kutibiwa kwa majani ya sungura, akamleta Daktari Lovibond, mmoja wa wale wakubwa: wigi jeupe lililomwagiwa poda, fimbo yenye kichwa cha dhahabu kilichotiwa manukato, ambayo huinusa kila anapoingia chumba cha mgonjwa. Alikuja na binti yake, Lettice, wa kumshikia bakuli. Akampasua mama mshipa wa mkono, damu ikatiririka. Kila alipokuja alitoa damu, na kila alipoondoka mama alikuwa mweupe zaidi. Mara ya mwisho mama aliomba asipasuliwe. Daktari alimjibu kwa upole kabisa, kama anayembembeleza mtoto, kwamba damu mbaya lazima itoke. Asubuhi yake akafa, kitambaa kingali mkononi.

Gideon anasema ni mauaji. Mimi pia naona hivyo.

Oktoba 28

Anachora. Nikimpelekea chakula anafunika karatasi kwa kiwiko.

Novemba 2

Nimeiona. Daktari ana kiwiliwili cha ruba, yule mdudu mnyonya damu, amevimba hadi vifungo vya koti vimeruka, lakini kichwani wigi liko palepale. Amekalia kitanda cha bibi kizee aliyekonda kama ufagio. Nyuma yake Mauti, mifupa mitupu, anamwinamia kama mtumishi kwa bwana wake na kumwambia, "Niachie kidogo na mimi, mheshimiwa." Pembeni amesimama binti na bakuli. Analiinua mdomoni, anakunywa.

Nilicheka. Tangu kifo cha mama sikuwa nimecheka, na kicheko kilinitoka hadi nikashika ukingo wa meza. Kisha nikamwuliza Gideon kwa nini binti anakunywa.

"Alilishika bakuli, sivyo?" akasema.

Sikuendelea. Ameshaanza kuikwaruza picha kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta. Kesho tindikali itaila shaba pale penye mistari, halafu tutachapa. Kazi yangu ni ileile ya siku zote, rangi. Safari hii ni nyekundu tupu.

Novemba 6

Tumeitundika dirishani. Kufikia adhuhuri kichochoro kilikuwa hakipitiki. Mama Crouch, muuza chaza, amehamisha mkokoteni wake kutoka kona ya kanisa hadi mlangoni petu, maana hapa ndipo penye watu. Anawasomea wasiojua kusoma maneno ya Mauti, kisha anaongeza ya kwake. Ya kwake ni makali zaidi.

Novemba 7

Kuchapa kutwa. Vidole vyangu vyekundu hadi kwenye kucha.

Novemba 12

Ukungu na moshi wa makaa. Taa zinawaka mchana. Picha hazikauki, tumezitundika kwenye kamba hadi ngazini, na kila nikipita, Daktari Ruba ananigusa shavu.

Novemba 15

Amekuja mwenyewe.

Duka lilikuwa limejaa. Wa kwanza kumtambua walikuwa wale waliokuwa nje, na kelele zikazimika kuanzia mlangoni kuja ndani. Hakuna aliyemwona kabla ya mwezi huu ila wagonjwa wake, lakini sasa kila mbeba mizigo anaijua pua yake. Alitoa miwani, akasimama mbele ya picha, akaitazama kwa muda kama anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Gideon akateremka ngazi, mikono meusi kwa wino.

"Pua umeipatia," daktari akamwambia. "Mimi nichekeni, Bwana Wragge. Mfalme anachekwa, mimi ni nani? Ila mtoto wangu mwondoe."

Gideon akamwuliza nani atakayemwondoa mama yetu kaburini.

Daktari alisema alimtendea mama kama alivyofundishwa, na kwamba angemtendea hivyohivyo mama yake mzazi.

"Basi Mungu amrehemu mama yako," Gideon akasema.

Duka zima likaangua kicheko. Daktari aliikunja picha taratibu, akaitia kifuani, akatoka. Nje Mama Crouch alimsindikiza kwa sauti: "Chaza zangu usizitazame, bwana daktari. Hazina damu."

Nilicheka na wengine. Lakini jioni hii, nikiosha brashi, nimekumbuka kwamba hakuomba jambo lolote kwa ajili yake mwenyewe.

Novemba 24

Picha ya pili. Wateja wameitaka, na Gideon hahitaji kusukumwa. Safari hii binti yuko katikati, amevaa shela ya bibi harusi, bwana harusi wake ni Mauti, na baba mtu anawafungisha ndoa akiwa na kisu badala ya kitabu. Gideon anachora vizuri kuliko alivyowahi kuchora maishani. Hilo ndilo linalonitisha. Hali chakula, halali usingizi, na mkono wake hauna kosa.

Desemba 1

Baridi. Theluji ya kwanza, ikawa tope kabla ya saa sita.

Desemba 3

Watoto wa mtaa wana mchezo mpya. Mmoja anakuwa Ruba, wengine wanakimbia wakipiga kelele. Anayekamatwa anakuwa Binti Ruba, na huyo hupigwa na wote.

Desemba 9

Nilikwenda sokoni kutafuta nyama ya supu. Kwenye vibanda vya wachinjaji nilisikia zogo, nikadhani ni mwizi. Alikuwa Lettice Lovibond na kikapu chake. Sikuwa nimemwona tangu siku za mama. Ni msichana wa kawaida, mfupi, pua nyekundu kwa baridi. Mchinjaji mmoja alikuwa amejaza bakuli damu ya nguruwe na anamtembezea puani huku wenzake wakishikilia mbavu.

"Karibu, binti. Bado ya moto. Au mpaka iwe ya vizee?"

Hakulia wala hakukimbia. Alisimama akingoja wachoke. Hawakuchoka. Mmoja akaligonga bakuli kwa chini, damu ikamrukia kwenye nguo. Hapo ndipo aliponiona mimi, nimesimama na mfuko wangu. Kwenye kucha zangu rangi ilikuwa bado haijatoka.

Alikuja hadi nilipo. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha anipige.

"Bakuli nililishika kwa mkono mmoja," akaniambia. "Wa pili alikuwa ameushika mama yako. Alinibana hadi alama zikakaa wiki. Hilo kaka yako hakuliona, maana hakuwemo chumbani. Alikuwa ngazini, ameziba masikio."

Akaondoka. Nimerudi bila nyama.

Desemba 10

Nimemwambia Gideon. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kwenye lile neno la ngazini akageuza uso kuelekea dirishani. Nilifikiri ameelewa. Kisha akasema, polepole, "Asingelishika bakuli, basi." Akarudi mezani.

Kaka yangu nilimjua kama mtu mpole mwenye hasira. Sasa sijui kilicho juu ni kipi na kilicho chini ni kipi.

Desemba 13

Picha ya tatu. Sitaielezea humu. Nimekataa kuitia rangi, naye ameipaka mwenyewe, vibaya, na watu hawakujali.

Desemba 17

Barafu ukingoni mwa mto. Maji kwenye ndoo yameganda kama kioo.

Desemba 20

Mama Crouch ameingia dukani mchana, jambo ambalo halifanyi, maana anasema harufu ya wino inamharibia chaza. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Nikampa bia ya moto.

Alisema Lettice alipita barabara kuu na watu wakaanza kumrushia theluji. Na yeye, Mama Crouch, alirusha. "Wote tulirusha, mwanangu. Ilikuwa mchezo. Tulikuwa tunacheka." Halafu mtu akarusha tonge la barafu lenye jiwe ndani. Hajui ni nani. Lilimpata jichoni. Alianguka chini, akakaa kimya, na ule ukimya ndio uliowatawanya watu.

"Nilimfunga kwa aproni yangu," Mama Crouch akasema. "Daktari akaja mbio bila kofia. Alimbeba mwenyewe, mzee yule, anateleza kila hatua. Hata hakututukana."

Gideon alikuwa ngazini, amesikia yote. Alirudi juu.

Desemba 21

Asubuhi Gideon alipotoka kununua karatasi, niliyachukua mabamba yote matatu. Nilitumia kile chuma chake cha kukwangulia. Shaba ni ngumu kuliko nilivyodhani; picha inaingia kwa tindikali upesi, lakini kutoka hutoka kwa jasho. Nilimkwangua Lettice na bakuli lake, Lettice na shela yake, na ile ya tatu nikaikwangua yote. Vidole vilitoka malengelenge. Gideon aliporudi alinikuta sijamaliza kusugua.

Hakupiga kelele. Alilishika bamba la kwanza, akalielekeza kwenye mwanga, akapitisha kidole pale penye shimo.

"Umemchagua yeye kuliko mama," akasema.

Nikamwambia mama alimshika mkono. Ikiwa kuna mtu aliyemchagua, ni mama.

Hapo akainua bamba kama anayetaka kunipiga nalo. Hakunipiga. Lakini sote wawili tuliona jinsi mkono ulivyoinuka, na sasa hakuna anayeweza kusema hakuuona.

Desemba 25

Krismasi. Bata bukini, tumemla kimya.

Januari 2

Picha zilizokwisha kuchapwa bado ziko dirishani. Nikizitoa, Gideon anazirudisha. Hatuongei kuhusu hilo. Hatuongei.

Januari 8

Gideon anatetemeka. Anasema ni baridi ya chumba cha kazi.

Januari 10

Homa. Kifuani ametoka vipele vidogo vyekundu, vilevile alivyokuwa navyo mama. Nilipovitazama alivuta shati kuvifunika, naye akanikamata mkono.

"Usimwite mtu. Niapie."

Sikuapa. Hakuwa na nguvu ya kunidai kiapo.

Januari 13

Tangu alfajiri anaongea na mama. Anamwambia ashuke kitandani, amwachie nafasi. Hanijui mimi ni nani.

Yule mama wa mitishamba alikuja, akasimama mlangoni, akaona vipele, akarudi na majani yake. Madaktari wawili wa barabara kuu waliposikia jina la duka walituma watumishi wao kusema hawapo. Mmoja nilimwona dirishani akinitazama nikiondoka. Nani angekuja nyumba hii? Tumemcheka mmoja, na wote wamejiona.

Basi nikaenda kwa Lovibond.

Lettice ndiye aliyefungua mlango. Kitambaa kimeziba nusu ya uso. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakaniishia pale kizingitini. Nikasema tu, "Kaka yangu anakufa."

Alinitazama kwa jicho lililo wazi, na sikuweza kusoma chochote. "Subiri," akasema, akafunga mlango. Nilisimama kwenye theluji nikijua kwamba akiamua kutomwambia baba yake, sitakuwa na haki ya kumlaumu. Mlango ukafunguka tena. Daktari alikuwa amevaa koti, mfuko mkononi.

Njiani hakuniuliza lolote ila hali ya mgonjwa. Tulifika kichochoroni na pale ndipo nilipoona ujinga wangu. Watu walikuwa wamejazana dirishani kama kawaida, na uso wake ulikuwa dirishani mara ishirini, na mara ya ishirini na moja akawa huyu hapa kwa miguu yake. Kwanza walishangaa. Kisha mtu akasema, "Ruba amekuja kummalizia na mwana," na neno hilo likapita kinywa hadi kinywa. Walijipanga mlangoni. Walidhani wanatulinda.

Niliwaambia ni mimi niliyemwita. Hawakunisikia, au hawakutaka. Mkono mmoja ukalinyakua wigi lake, likarushwa juu, likapokelewa, likarushwa tena. Kichwa chake kilikuwa kidogo, chenye upara, kichwa cha mzee yeyote. Mtu alikwishaokota barafu.

Mama Crouch akasukuma mkokoteni wake katikati, chaza zikamwagika miguuni pa watu.

"Nani anakanyaga chaza zangu?" akauliza, na kisu chake cha kufungulia kiko mkononi. "Mwenye nyumba amesema apite. Tulishatoa jicho moja mtaa huu. Anayetaka la pili aanze na langu."

Wakaachia njia. Tukapita.

Chumbani daktari hakuinusa fimbo. Hata hakuja nayo. Alimshika Gideon mkono, akamtazama ulimi na vipele. Gideon alifumbua macho, akamwona, akajaribu kujiburuta hadi ukutani akilia kama mtoto kwamba ruba ameingia. Nilimshika mabega. Nilikuwa nimemshika vilevile mama.

Daktari alikaa kitini, mfuko haujafunguliwa, mikono magotini.

"Nikimtoa damu akafa, nimewaua wawili," akasema. "Nisipomtoa akafa, watasema nimelipiza kisasi. Nilivyofundishwa ni kutoa. Lakini tangu ile picha, kila nikishika kisu mkono unakataa. Wapo niliowaacha na damu yao wakapona, na wapo waliokufa. Sijui, binti. Miaka yote hii nilidhani najua." Akanitazama. "Sema wewe."

Hakuna daktari aliyewahi kumwuliza mtu wa nyumba yetu chochote. Mama alipoomba, hakusikilizwa. Na sasa naulizwa mimi, ninayejua rangi na gundi tu, na nikikosea atakayekufa ni kaka yangu.

Nikasema asimpasue.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtumishi aliyeagizwa. Akafungua dirisha, ubaridi ukaingia. Akaagiza maji, maji mengi, mgonjwa akitaka asitake, na unga wa gome chungu uliokorogwa kwenye mvinyo. Kisha akavua koti, akabaki.

Januari 14

Vilevile.

Januari 15

Mbaya zaidi. Daktari yupo. Anakula anachopewa na kusinzia kitini, kichwa wazi. Nilimpa kofia ya marehemu baba yetu.

Januari 16

Leo nimejuta. Gideon alikuwa anawaka, midomo imepasuka, na nikajiuliza kama damu mbaya inamchemka ndani na mimi ndiye niliyeizuia. Nilimwendea daktari nimwambie apasue. Nilifika mbele yake, nikarudi. Nikamwendea tena, nikarudi tena. Naye alikuwa ananiona, na hakunisaidia.

Januari 18

Kimya. Barafu imeziba kioo.

Januari 19

Ametoka jasho. Shuka imelowa chapachapa. Amenitazama, ameniita jina langu, Tabitha, akaomba mkate. Nilikwenda kulia jikoni ili nisimtishe. Daktari alipokuja kuaga nilitaka kumbusu mkono, akaurudisha nyuma. Akasema huenda ni gome, huenda ni maji, huenda ni Gideon mwenyewe.

Nikamwuliza habari za jicho la Lettice. Alikuwa anafunga vifungo vya koti. Alivifunga vyote mpaka cha juu ndipo akajibu kwamba limekwisha.

Januari 27

Gideon anakaa kitandani. Nimemweleza yote: mlango wa Lettice, wigi, chaza, kiti cha daktari. Alitazama dari. Nilingoja aseme amekosa.

"Aliogopa kunipasua," akasema mwishowe. "Aliogopa kwa sababu ya picha. Basi picha yangu ndiyo iliyoniponya."

Nilitoka chumbani, nikiogopa kwamba nikikaa nitamrushia kikombe. Nimeosha vyombo, nimepiga deki duka zima. Anasema kweli. Mama angekuwa hai kama picha ingemtangulia. Na Lettice angekuwa na macho yote mawili kama isingekuwapo. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hayapunguzani.

Februari 6

Nimezitoa picha zote dirishani. Gideon ameona, hakuzirudisha.

Februari 15

Theluji inayeyuka. Kichochoro ni tope. Mama Crouch amerudi kwenye kona yake ya kanisa.

Februari 22

Gideon ameshika sindano tena. Mkono unachoka upesi. Nilimwambia: daktari mchore utakavyo, nitampaka rangi. Lakini bamba lenye binti yake silikaribii, na likichapwa nyumba hii naondoka. Alisema, bila kuinua uso, "Nilikuwa ngazini." Nikamwambia najua. Akasema tena, "Nilikuwa ngazini, Tabby, nimeziba masikio, na kila nikichora nilikuwa namsikia mama akiomba vilevile." Nilikaa karibu naye mpaka mwanga ukapungua.

Machi 5

Picha mpya. Gideon mwenyewe yuko kitandani, kofia ya kulalia imemwangukia puani, mdomo wazi kama chaza. Madaktari wote wa London wanachungulia dirishani wakijifanya hawapo. Mimi, mwenye pua ndefu kuliko ya Lovibond, namsukuma mzee mwenye upara apite mlangoni, na wigi linaruka angani kama njiwa. Nimecheka. Nimepaka rangi ya njano na buluu nyingi, nyekundu sikuigusa.

Machi 8

Tumeitundika asubuhi. Jua limetoka. Watu wamekuja, si wengi kama wakati ule, na wamecheka kicheko kingine, cha kujicheka.

Karibu na saa sita niliinua macho kutoka mezani nikamwona Lettice amesimama katikati yao. Hakuna aliyemtambua, picha zetu zilimfundisha kila mtu uso wenye macho mawili. Alikuwa na kitambaa cheusi. Aliisoma picha yote, kutoka kona hadi kona, kwa utulivu uleule wa baba yake. Mwanamume aliyekuwa kando yake alimgusa kiwiko amwonyeshe lile wigi, akicheka. Yeye hakucheka.

Nilitoka hadi mlangoni nikiwa na brashi mkononi. Nikamwita kwa jina lake. Alikwisha kuanza kutembea, na najua alisikia, maana hatua yake ilisita kidogo.

Hakugeuka.